Umeshinda Unafanya Nini?

Mtaani kwetu Dar es Salaam, mwanamke aliyeolewa na hana ajira wala biashara anaitwa golikipa. Kazi yake, wanasema, ni kusimama langoni na kudaka: mume akileta anadaka, asipoleta anasubiri. Neno lilianza kama utani, na utani wenyewe umeshachuja, lakini linaendelea kutumika, na wanaolitumia sana ni wanawake. Nimelibakiza humu kwa makusudi, maana ugomvi ulianzia hapo.

Swali lilikuwa moja: kati ya mama wa nyumbani na mwanamke mwenye ajira, nani anaishi na wasiwasi zaidi? Siusemi ule wasiwasi wa kuvuka barabara ya Mandela. Nausema ule wa kulala nao na kuamka nao: moyo unakwenda mbio na wewe umekaa, usingizi unakatika saa tisa usiku, tumbo linajikunja kwa jambo ambalo bado halijatokea.

Sauti zilizomo humu nimezipanga mimi, usizitafutie sura. Lakini maneno yao hayakutoka hewani: nimeyasikia saluni, kwenye kikoba, msibani jikoni, na mengine nimeyasema mwenyewe. Wapo watano. Golikipa ana watoto watatu na ameolewa na kaka yake Mtu wa Benki. Kwa hiyo hao wawili ni mawifi, na mjadala wa mawifi, kama unavyojua, hauwi wa jambo moja. Bibi ni mama mzazi wa mmoja na mama mkwe wa mwingine. Amekuja kutoka Muheza kutolewa mtoto wa jicho. Nesi ni jirani. Wa tano ni Dada, yule wa kazi, ambaye kwa muda mrefu hakuwemo. Alikuwa akiingia na kutoka na vikombe. Ni Jumapili, Tabata, nyumbani kwa Mtu wa Benki, pilau limeshaliwa.

Mtu wa Benki: Wifi, usinielewe vibaya. Ila wewe ukiamka asubuhi, nani anakusubiri? Mimi saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituoni. Nina malengo ya mwezi: akaunti za kufungua, mikopo ya kutoa, wadaiwa wa kufuatilia. Naweza nikafunga mwezi vizuri mpaka nikapigiwa makofi, tarehe moja nakuta nimerudishwa sifuri. Meneja anaandika kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, na wote tunajibu, kwa sababu asiyejibu anaonekana. Nikiwa kaunta roho iko kwa mtoto mwenye homa. Nikiwa na mtoto, roho iko kaunta.

Golikipa: Unaniuliza nani ananisubiri? Wananisubiri watu wanne, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ananisubiri. Chai wanaikuta mezani kama imeota. Kaka yako akirudi, kabla hajavua viatu: “Umeshinda unafanya nini?” Hana ubaya, ndivyo anavyosalimia. Sasa nianze na lipi? Nimefua, nguo zimeshavaliwa. Nimepika, chakula kimeshaliwa. Nimedeki, wamepita na matope. Kazi yangu inajifuta, wifi. Ya kwako inaandikwa.

Mtu wa Benki: Inaandikwa, ndiyo. Na ndiyo hiyo wanayoifungua siku ya kukupunguza.

Nesi: Niwaambie kitu cha zahanati. Kwetu haji mwanamke akasema ana wasiwasi. Anakuja na presha. Namfunga kile kitambaa mkononi, napima: 120 kwa 80. Nikimwambia mama, presha yako nzuri, anakasirika, kama nimemwita mwongo. Au anakuja na vidonda vya tumbo ambavyo kipimo hakivioni. Au “kichwa kinagonga.” Mwili unatumwa kusema kile ambacho mdomo hauna ruhusa kusema.

Hapa nimkatize Nesi kidogo. Wasiwasi ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na huko lilikuwa mnong’ono, ule wa shetani sikioni. Kwa hiyo lugha yetu ilishatoa hukumu zamani: mwenye wasiwasi amenong’onezwa, na dawa yake ni kutosikiliza. “Acha wasiwasi.” “Ondoa shaka.” Mtu asiye na wasiwasi tunamsifu kana kwamba ametawadha. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mwaka 2013 neno hilo liliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, lile toleo la tano, likiwa miongoni mwa namna ambazo watu wa jamii mbalimbali hueleza dhiki yao. Sisi tunasema “ana mawazo.” Ni neno zuri na limekaa karibu sana na la Washona, lakini halijampatia mtu hata siku moja ya mapumziko.

Nesi akatoa karatasi kwenye mkoba. Ni yale maswali saba yaliyotungwa na Robert Spitzer na wenzake, yakachapishwa mwaka 2006, ambayo sasa yanatumika duniani kote. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 21, na yote yanahusu wiki mbili zilizopita. Anayefika 10 anashauriwa aonwe na mtaalamu.

Nesi: Haya si majibu ya ugonjwa, ni kugonga mlango tu. Tuanze na hili. Ndani ya wiki mbili zilizopita, mara ngapi umeshindwa kuyazuia mawazo ya hofu?

Mtu wa Benki: Wiki mbili zipi? Zikiwa za mwisho wa mwezi, niandikie tatu. Tarehe tano mpaka kumi na tano, niandikie moja.

Golikipa: Mimi andika tu. Wiki zangu zote ni moja.

Nesi: Umekosa utulivu kiasi cha kushindwa kukaa mahali pamoja?

Golikipa: Kukaa? Wapi?

Bibi: Mie nikiona nimekaa mahali pamoja ndipo naogopa. Najua kuna kitu nimesahau jikoni.

Walicheka, na Nesi akaandika kitu ambacho hakutuonyesha. Nadhani ile karatasi ilitungwa ikimfikiria mtu mwenye kiti, mtu ambaye kutotulia kwake ni dalili. Mwanamke ambaye kutotulia ndiyo kazi yenyewe, unampa alama ngapi?

Nesi: La mwisho. Umehisi hofu, kama vile jambo baya litatokea?

Hapa kicheko kilikatika.

Golikipa: Akichelewa kurudi. Saa nne, saa tano, simu haipatikani. Sijui niogope ajali au niogope mwanamke. Nikishaogopa ajali mpaka mwisho, najikuta namwomba Mungu iwe mwanamke.

Bibi: Mwanangu huyo?

Golikipa: Mwanao huyo, mama. Simsemi kwa ubaya. Lakini yule ni mume, ni mshahara, ni bima ya afya ya wanangu, ni jina kwenye karatasi ya kiwanja cha Kivule. Vyote vimepanda bodaboda moja.

Mtu wa Benki: Na mimi nikipita mtaani, kila kibanda cha wakala ninachokiona, naliona dawati langu limetolewa nje. M-Pesa ilipoanza huku mwaka 2008 tulisema wale wanatuma vihela vya sabuni. Leo mteja wangu anaweka, anatoa na anakopa akiwa kitandani. Nikiitwa ofisi ya rasilimali watu, hata kama ni kusaini fomu ya likizo, miguu inakufa ganzi.

Nesi alijumlisha. Hakusema nani alipata ngapi, ila alisema wote wawili wamevuka kumi na kwamba baina yao hapitiki hata sindano. Wataalamu nao hawajapata ushindi wa kutangaza. Kuna tafiti zilizokuta wasiwasi zaidi kwa mama wa nyumbani, nyingine kwa waajiriwa, nyingine hazikuona tofauti. Mimi hainishangazi. Unapowapanga wanawake kwenye mistari miwili kwa kuangalia nani anatoka asubuhi na nani anabaki, umepima mlango. Hujampima mtu.

Utafiti ninaourudia mara nyingi ni wa zamani kidogo: George Brown na Tirril Harris, kitabu chao cha mwaka 1978, kuhusu wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Wao walikuwa wanatafuta chanzo cha sonona, si wasiwasi, lakini hao ni mapacha, mmoja akiingia mwingine hayuko mbali. Walikuta mambo manne yanayomfanya mwanamke aanguke upesi maisha yakimpiga: kumpoteza mama kabla ya miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, kutokuwa na kazi nje ya nyumba, na kutokuwa na mtu wa kumwamini siri zake. Nikawasomea.

Mtu wa Benki: Si mmesikia? Kazi ni kinga. Nimekuwa nikisema.

Golikipa: Umesikia moja, mimi nimesikia matatu. Watoto watatu, wote chini ya 14, ninao. Kazi sina. Msiri... msiri wangu wa kwanza hapa mjini ni wewe, wifi. Na wewe ni dada yake mume wangu. Sasa lile la mume nalipeleka wapi?

Mtu wa Benki hakujibu. Akajibu Nesi, kwa kuhamia Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, kwa kukosa wataalamu na kukosa hata chumba, aliwachukua bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, akawafundisha namna ya kumsikiliza mwenye kufungisisa na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Wakawekewa benchi nje ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yalichapishwa kwenye jarida la madaktari wa Marekani: miezi sita baadaye, waliokaa kwenye benchi la bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Bibi: Miaka kumi hiyo walikuwa wanapima nini? Mie nimewakalia watu barazani miaka hamsini, hakuna aliyenipima.

Mtu wa Benki: Na enzi zenu mama, wasiwasi ulikuwepo?

Bibi: Golikipa hakukuwepo, hilo najua. Mie sikupata kuwa mama wa nyumbani. Nyumbani nilikuwa nalala tu. Asubuhi niko shambani, mihogo, machungwa. Siku ya gulio niko gulioni. Nani aliyekuwa anashinda nyumbani? Mgonjwa na mzazi. Lakini msinifanye malaika, wanangu. Machungwa nachuma mie, hela anaweka babu yenu. Talaka niliiogopa kama mnavyoiogopa. Tofauti ni kwamba nikiogopa, niliogopa na jembe mkononi, na wenzangu watatu kwenye tuta la pili wanaogopa vilevile, tunaimba.

Bibi amegusa jambo ambalo mijadala mingi ya namna hii hulipita juu juu. “Mama wa nyumbani” kama cheo ni mgeni kwetu. Aliingia na shule za kikoloni, na lile somo ambalo baadaye tuliliita sayansi kimu, na vyama vya kufundisha akina mama usafi, upishi na ushonaji. Maendeleo ya Wanawake ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1952 ilizaliwa humo. Msichana alifundishwa kufuma vitambaa vya makochi kabla hajalala hata siku moja kwenye nyumba yenye kochi. Kisha mji ukamalizia: chumba na sebule, kodi ya miezi sita, hakuna tuta la pili. Mwanamke akabaki na kazi zote za nyumbani alizokuwa nazo kijijini, akanyang’anywa shamba lililokuwa likimpa kitu cha kushika na watu wa kuimba nao. Halafu tukamwita golikipa.

Golikipa: Na kwenye karatasi ya kiwanja simo.

Nesi: Hata usipokuwemo, sheria inakutambua. Kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed.

Kesi hiyo kila mwanasheria wa Tanzania anaijua, na wanaohusika nayo zaidi, ambao ni wanawake wa namna ya Golikipa, wengi hawajaisikia. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imesema mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja igawanywe, na swali likawa: kupika, kufua na kulea ni jitihada? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Walisema alikwishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi akazitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akarudi mikono mitupu. Wakenya nao, kwa sheria yao ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, wameandika waziwazi kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango usio wa fedha.

Golikipa: Kwa hiyo mahakama inajua kwamba nafanya kazi tangu 1983. Amebaki kaka yako.

Mtu wa Benki: Ngoja na mimi nikupe sheria. Likizo ya uzazi siku 84, mapacha siku 100. Nikirudi, sheria inasema mwajiri aniachie mpaka saa mbili kwa siku nikanyonyeshe. Saa mbili! Kutoka Posta mpaka hapa Tabata na kurudi, mchana, hizo saa mbili zinaishia Buguruni na mtoto sijamwona. Kwa hiyo nilikuwa nakamua maziwa stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, mlango nimeuzuia kwa kiti. Siku moja mlinzi akaufungua. Nililia mpaka nikashindwa kurudi kaunta, na siyo kwa aibu. Ni kwa sababu aliniuliza, yule mlinzi, kwa upole kabisa: “Dada, unafanya nini humu?”

Golikipa: Pole, wifi. Hilo hukuniambia.

Mtu wa Benki: Ningekuambiaje? Ninyi wote mnaniona ndiye niliyefika. Wewe unasubiri mtu mmoja akuletee. Mimi nasubiriwa na watu kumi na mmoja. Ada ya mtoto wa shangazi, bati la Muheza, jicho la mama. Simu ikiita na namba ni ya nyumbani, kabla sijapokea nimeshapiga hesabu ya kilichobaki. Mshahara unaingia umeshakatwa mkopo. Unajua friji lile nililowapa harusini nimelilipia miezi mingapi?

Hapa Golikipa alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu kuliko swali.

Golikipa: Friji nimeliweka rehani.

Mtu wa Benki: Umeliweka wapi?

Golikipa: Kausha damu. Kaka yako anaacha elfu kumi mezani. Elfu kumi ya miaka mitano iliyopita na ya leo kwake ni noti ile ile. Mafuta yamepanda, mchele umepanda, noti iko palepale. Nikaona nikope kidogo niuze ubuyu na barafu, mtaji ukaliwa na homa ya mtoto. Marejesho ni kila Jumanne. Umesema wasiwasi wako una mwisho wa mwezi. Wangu una Jumanne. Saa nne asubuhi nafunga geti, nawaambia watoto wasiongee, na redio nazima. Akirudi jioni ananiuliza nimeshinda nafanya nini. Nimeshinda nimejificha.

Nilikuwa nimekuja pale na hoja yangu tayari: kwamba wasiwasi wa mwajiriwa una tarehe na wa golikipa hauna, na kwamba hiyo ndiyo tofauti. Jumanne ile imenifutia hoja. Mikopo hii ya mtaani, yenye riba ya kukausha damu kweli, imewapa wanawake wa nyumbani kalenda kali kuliko ya benki yoyote, bila kuwapa mshahara wa kuiendea. Na wengi wao wanakopa kwa siri, kwa sababu kukopa kungekuwa ni kukiri kwamba elfu kumi haitoshi, na kukiri kwamba haitoshi ni kama kumtukana aliyeiacha. Nikabaki kuulizia kitu kingine: nani kati yao, akisema amechoka, anaaminiwa?

Mtu wa Benki anaaminiwa. Akifika mlangoni na ule mkoba, watoto wanaambiwa wampishe. Hapumziki sana, najua. Jiko linamsubiri na yeye, mwanasosholojia Arlie Hochschild aliiita hiyo zamu ya pili mwaka 1989 na jina limeshika kwa sababu ni la kweli. Lakini akisema “nimechoka” hakuna anayemwuliza kwa lipi. Golikipa akisema neno hilohilo, anadaiwa ushahidi. Shirika la Kazi Duniani lilihesabu mwaka 2018 kwamba wanawake milioni 606 wenye umri wa kufanya kazi wako nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya nyumbani, na wanaume milioni 41. Milioni 606 hao, jioni, wanadaiwa ushahidi.

Mtu wa Benki: Basi angalau mimi ninapotoka najua nyumba ina mtu.

Golikipa: Mtu gani? Si golikipa wa kukodi? Wewe umetoka langoni ukamweka mwenzio.

Mtu wa Benki: Na yeye ndiye wasiwasi wangu mkubwa. Akienda kwao Krismasi, mpaka Januari silali: atarudi, hatarudi? Mchana nampigia mara nne. Mtoto amekula? Amelala? Unafanya nini saa hizi?

Golikipa: Ehee. Sasa umekuwa kaka yako.

Mwaka 1963 Betty Friedan aliandika juu ya akina mama wa vitongoji vya Marekani, wasomi, wenye nyumba nzuri, wanaojiuliza kama maisha ndiyo hayo tu, na kitabu chake kikawatoa wengi jikoni. Miaka 21 baadaye bell hooks, mwanamke mweusi wa Kentucky, akamwuliza swali alilolisahau: wakishatoka, nani ataitwa aingie jikoni badala yao? Friedan hakuwa na watu hao akilini. Sisi tunao sebuleni, wanaondoa vikombe. Katika huu mgawanyo wa mama wa nyumbani upande huu na mwajiriwa upande ule, dada wa kazi anakaa wapi? Ameajiriwa, na yuko nyumbani. Anadaka mipira ya lango ambalo si lake.

Nesi: Dada, njoo ukae. Karatasi imebaki moja.

Dada alikuja. Hakukaa.

Nesi: Ndani ya wiki mbili zilizopita, mara ngapi umehisi wasiwasi?

Dada: Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa mama mwingine.

Nesi: Haya, na huku?

Dada: Huku pazuri. (Alimwangalia Mtu wa Benki kabla ya kulisema hilo.) Naogopa simu tu. Ikiita mchana ni mama anauliza mtoto. Ikiita usiku ni kwetu, na mimi wangu yuko kwetu, ana miaka minne. Nikipigiwa usiku najua ni yeye anaumwa. Juzi waliniwekea aongee. Ananiita dada.

Bibi: Na mama anamwita nani?

Dada: Bibi yake.

Hakuna aliyecheka, na Bibi akamshika mkono akamvuta akae. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Tanzania Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake, hapo tukiwatoa wa mabalozi na wa vigogo waliopangiwa zaidi. Kwa hesabu ya Golikipa, hiyo ni siku sita za noti ya mezani. Neno “nimechoka” sikumsikia Dada akilitamka mchana ule wote, na yeye ndiye aliyekuwa amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Wapenda mijadala hutaka kura, nami sitawakimbia. Kati ya wawili walioanza, nampa Golikipa. Siyo kwamba kazi zake ni nyingi kuliko za wifi yake, na siyo kwamba lile stoo lenye maboksi ni jambo dogo. Ni kwamba wifi yake akizidiwa ana mahali pa kulipeleka, hata kama mlango wenyewe umebana: daktari wa kampuni, siku za kuumwa, mwenzake wa dawati la pili, mshahara ulio kwa jina lake. Golikipa ana geti la kufunga Jumanne saa nne. Dada sikumweka kwenye kura, kwa sababu angewashinda wote wawili na mjadala ungekwisha kabla ya chai.

Friji, nasikia, limekombolewa; Mtu wa Benki alilipa marejesho yaliyobaki na wakakubaliana kaka asijue. Kwa hiyo sasa wana siri moja wote wawili.

Ombi langu ni kwako unayesoma haya ukiwa kwenye daladala, unarudi nyumbani. Ukifika, sema shikamoo au sema habari za kutwa, yoyote utakayo. Lile swali lingine usiliulize leo.